Eleanor Helin au Carolyn Shoemaker: nani wa kuanza naye?

Ukiwa na kipindi kimoja tu cha klabu ya sayansi cha kuzungumzia wasaka asteroidi, majina mawili yatakupa kazi ya kuchagua. Eleanor Helin na Carolyn Shoemaker walikuwa Wamarekani, walisaka anga kutoka mlima mmoja kwa darubini ileile, na kila mmoja alihesabu ugunduzi wake kwa mamia. Anayejulikana zaidi ni Carolyn, kwa sababu jina la ukoo wake limo kwenye Shoemaker-Levy 9, nyotamkia iliyoigonga Mshtarii mwaka 1994. Mimi nashauri uanze na Helin. Wapo wanafunzi ambao Carolyn atawafaa kuliko yeye, nao nitawataja, lakini anayetaka kuelewa asteroidi husakwaje, na kwa nini zisakwe, atapata mengi zaidi katika maisha ya Helin.

Kwa aliye mgeni wa mambo haya: asteroidi ni miamba inayozunguka Jua, mingi yake ikiwa kati ya Mirihi na Mshtarii; nyotamkia ni bonge la barafu na vumbi linalotoa mkia likikaribia Jua. Asteroidi ya kwanza kuonekana, Ceres, iligunduliwa na Giuseppe Piazzi huko Palermo usiku wa tarehe 1 Januari 1801. Asteroidi chache zina njia zinazokaribia au kukatiza njia ya Dunia, na hizo ndizo wanawake hawa wawili walizozitolea maisha yao ya kazi.

Darubini waliyopokezana

Palomar ni mlima ulio kusini mwa California. Sifa zake nyingi zinatokana na darubini ya Hale yenye kioo cha meta 5, lakini wasaka asteroidi walitumia darubini ndogo kabisa ukiilinganisha na hiyo: Schmidt ya sentimeta 46, iliyoanza kazi mwaka 1936, ya kwanza kusimikwa mlimani hapo. Uzuri wake ni upana. Darubini kubwa huchungulia kipande kidogo mno cha anga. Schmidt hii ilipiga picha eneo lenye upana wa zaidi ya nyuzi 8 kwa mara moja, yaani Mwezi mpevu ungeweza kupangwa mara 16 kutoka ukingo mmoja wa picha hadi mwingine. Anayetafuta kitu asichojua kilipo anahitaji upana huo kuliko anavyohitaji nguvu ya kuona mbali.

Picha zilipigwa kwenye filamu za duara, zilizokatwa na kupakiwa gizani, na mtazamaji alikaa juu kwenye baridi akiielekeza darubini kwa mkono huku jicho likiwa kwenye kilengeo. Kazi ilipangwa siku za mwezi kuandama, anga linapokuwa jeusi, na usiku huo ulikuwa mchache. Kuanzia miaka ya 1980 kikundi cha Helin na kikundi cha akina Shoemaker walikuwa na programu mbili tofauti, kila kimoja na zamu zake kwenye darubini hiyohiyo.

Na Palomar haikuwa mahali pa wanawake kwa muda mrefu. Mwanaastronomia Vera Rubin aliporuhusiwa rasmi kutazama kutoka pale ilikuwa mwaka 1965. Helin alianza msako wake miaka minane tu baadaye. Nalitaja hili mapema kwa sababu ukilificha, wanafunzi watadhani mlango ulikuwa wazi siku zote.

Helin alianza na swali

Alizaliwa mwaka 1932 California, akasoma jiolojia katika Occidental College, kisha akaenda Caltech, chuo cha teknolojia cha California, ambako alishughulika na vimondo: mawe yaliyokwisha kuanguka Duniani. Hapo ndipo uzito wake ulipo kwa mwalimu wa Tanzania. Tuna Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16, lililolala mkoani Songwe, na mwanafunzi yeyote anayesimama mbele yake huuliza kilitoka wapi, na kama vingine vinakuja. Maswali hayohayo mawili ndiyo yaliyomtoa Helin maabara na kumpandisha mlimani. Alitaka kujua miamba inayoweza kutufikia ni mingapi, na iko kwenye njia zipi.

Mwaka 1973 yeye na mwanajiolojia Eugene Shoemaker, ambaye wote walimwita Gene, walianzisha msako wa asteroidi zinazokatiza njia za sayari. Gene alikuwa ameshathibitisha kwamba shimo kubwa la Arizona liitwalo Meteor Crater lilichimbwa na kimondo, hakuna volkano iliyohusika. Wakati huo asteroidi za karibu na Dunia zilizojulikana zilikuwa chache mno, nyingi zikiwa zimeonekana kwa bahati na watu waliokuwa wakitafuta vitu vingine. Helin alitaka zitafutwe kwa makusudi, mwezi baada ya mwezi.

Ugunduzi wa kwanza wa msako huo ulikuja tarehe 4 Julai 1973: asteroidi iliyopewa alama ya 1973 NA, yenye njia iliyoinama takriban nyuzi 68 kutoka usawa ambao Dunia huzungukia Jua. Kwa miaka hiyo lilikuwa jambo la kushangaza kuona mwamba unaokwenda kwa mwinamo mkali kiasi hicho.

Lakini ugunduzi ambao ningeutumia dakika nyingi za kipindi ni wa tarehe 7 Januari 1976. Usiku huo Helin alinasa asteroidi ambayo baadaye ilipewa jina Aten. Hadi hapo, kila asteroidi ambayo njia yake ilikuwa imethibitishwa ilihitaji zaidi ya mwaka mmoja kulizunguka Jua. Aten inamaliza mzunguko kwa siku 347 hivi. Umbali wake wa wastani kutoka kwenye Jua ni mdogo kuliko wetu.

Wanafunzi wanaweza kuuliza kama tofauti hiyo ya siku 18 ina maana yoyote. Ina maana kubwa, na ubao na chaki vinatosha kuionyesha. Chora Jua katikati, chora duara la Dunia, kisha chora njia ya mwamba unaotumia sehemu kubwa ya muda wake ndani ya duara letu. Sasa uliza: mtu aliyesimama Duniani usiku anatazama upande gani? Anatazama nje, kwa kuwa amelipa Jua kisogo. Mwamba ule uko upande wa mchana. Unaweza kupita karibu nasi mara nyingi bila darubini yoyote ya usiku kuuona, isipokuwa katika vipindi vifupi unapotoka nje ya duara. Aten ilituonyesha kwamba miamba hiyo ipo, kwamba orodha yetu ilikuwa na pengo upande wa Jua. Kundi zima sasa linaitwa kwa jina lake, Aten, sambamba na Apollo na Amor, makundi mengine ya asteroidi za karibu na Dunia yaliyotambuliwa kabla.

Mwaka 1978 Helin alipata nyingine ya kundi hilo, tarehe 10 Septemba, wakati viongozi wa Misri na Israel wakiwa katika mazungumzo ya Camp David. Aliiita Ra-Shalom: jina la mungu jua wa Wamisri wa kale na neno la Kiebrania la amani. Inazunguka Jua kwa takriban siku 277.

Mwaka uliofuata, Novemba 1979, alipata asteroidi ambayo mwaka 1992 ilitambulika kuwa ni kitu kilichowahi kuonekana kutoka Palomar mwaka 1949 kama nyotamkia, chenye mkia, kikapotea. Sasa inajulikana kama Wilson-Harrington. Nyotamkia inaweza kuzimika na kuonekana kama mwamba mtupu, na kisa hicho kimoja kinatosha kubomoa ukuta ambao vitabu vya shule hujenga kati ya asteroidi na nyotamkia.

Agosti 1989 akapata Castalia, na siku chache baadaye rada ya Arecibo, Puerto Rico, ikaielekea ikiwa bado karibu. Picha za rada zilionyesha mabonge mawili yaliyogusana. Mwaka 1992 yeye na Kenneth Lawrence walipata Braille, ambayo chombo cha Deep Space 1 kiliipita Julai 1999.

Halafu akafanya jambo ambalo watafiti wengi wa umri wake wasingelifanya: akaacha filamu. Akiwa Jet Propulsion Laboratory, maabara ya NASA, aliongoza mradi wa NEAT wa kusaka asteroidi za karibu na Dunia, ulioanza Desemba 1995 juu ya mlima Haleakala katika kisiwa cha Maui, Hawaii, kwa darubini ya jeshi la anga la Marekani yenye kioo cha meta 1. Kamera ya kidijitali ilipiga sehemu ileile ya anga mara tatu kwa kupishana dakika kadhaa, na kompyuta ndiyo iliyotafuta kilichosogea. Mtu aliyejenga jina lake kwa jicho na filamu alikuwa sasa anaikabidhi mashine kazi ya jicho, kwa sababu alijua usiku hautoshi na macho hayatoshi. Alistaafu mwaka 2002; mradi wenyewe uliendelea hadi 2007. Alifariki Januari 2009.

Miezi michache kabla ya kifo chake, tarehe 6 Oktoba 2008, msako wa Catalina huko Arizona, mmoja wa misako ya aina hiyo, ulinasa mwamba mdogo uliopewa alama 2008 TC3. Ulitabiriwa kuanguka kaskazini mwa Sudan, na ukaanguka huko siku iliyofuata. Ilikuwa mara ya kwanza asteroidi kuonekana kabla ya kuingia angani mwetu. Muawia Shaddad wa Chuo Kikuu cha Khartoum na wanafunzi wake, pamoja na mtaalamu wa vimondo Peter Jenniskens, walitembea jangwani wakaokota vipande vyake. Nisingemaliza kipindi cha Helin bila kufika Sudan.

Carolyn alianza akiwa na miaka 51

Carolyn Spellmann alizaliwa Gallup, New Mexico, mwaka 1929, akakulia Chico, California. Masomo yake ya chuo yalikuwa historia, siasa na fasihi. Alifundisha shule kwa muda mfupi, akaona kazi hiyo haimfai. Kaka yake aliishi chumba kimoja na Gene Shoemaker huko Caltech, na kwa njia hiyo wakafahamiana. Walioana mwaka 1951 na kupata watoto watatu. Kwa karibu miaka 30 kazi yake ilikuwa nyumba na watoto. Watoto walipoondoka, alitafuta la kufanya, na mwaka 1980 akaanza kukagua filamu za mume wake.

Hapo kipaji kikajitokeza. Kila eneo la anga lilipigwa picha mara mbili, kwa kupishana karibu saa moja. Filamu hizo mbili ziliwekwa chini ya hadubini ya macho mawili, kila jicho na filamu yake. Nyota, ambazo hazikusogea, hukaa bapa. Kitu kilichosogea hata kidogo huonekana kuelea juu ya nyota au kuzama chini yake. Maelfu ya nukta, na moja tu imeinuka. Carolyn aliweza kukaa hapo saa nyingi, akihama mstari kwa mstari, na bado akaiona nukta hiyo. Alikadiria kwamba kila nyotamkia ilimgharimu takriban saa 100 za kutazama. Ya kwanza aliipata mwaka 1983. Mwisho wa hesabu zilikuwa 32, na wakati huo hakuna mtu mwingine aliye hai aliyekuwa ameifikia idadi hiyo.

Asteroidi alizipata pia, na nyingine muhimu. Nefertiti, mwaka 1982. Amun, mwaka 1986, ambayo ni ya kundi lile la Aten alilolifungua Helin miaka kumi nyuma. Kwa hiyo usiwachukulie kama watu wa njia mbili zisizokutana.

Kisa chake kikubwa ni cha Machi 1993, na kusimulia ni lazima, kwa kuwa ni kisa kizuri mno. Mtu alikuwa amelifungua boksi la filamu na mwanga ukaingia; zilizokuwa juu ziliungua kabisa, za katikati zikaharibika pembeni tu. Mawingu yalikuwa yakipita. Filamu ziligharimu fedha, na Gene hakuwa tayari kupoteza nzima kwenye anga la mashaka. David Levy, mwenzao katika msako, alishauri watumie zile zilizoharibika nusu. Wakazitumia. Siku mbili baadaye Carolyn, akiwa kwenye hadubini yake, aliona kitu ambacho hakikuwa nukta wala mchirizi: kitu kama nyotamkia iliyobanwa ikawa ubapa. James Scotti, kwa darubini ya Spacewatch iliyo Kitt Peak, alithibitisha kwamba ni mfuatano wa vipande kwenye mstari mmoja.

Hesabu za njia yake zilionyesha kwamba kilikuwa kikiizunguka Mshtarii, na kwamba sayari hiyo ilikichana vipande mwaka 1992 kilipopita karibu mno. Kisha zikaonyesha kwamba kinarudi kugonga. Kuanzia tarehe 16 hadi 22 Julai 1994 vipande 21 vilivyotambuliwa viliingia Mshtarii kimoja baada ya kingine. Alama nyeusi zilizobaki, baadhi zikikaribia ukubwa wa Dunia, zilionekana hata kwa darubini ndogo za majumbani. Ubishi wa kama vitu vya angani bado vinagonga sayari uliishia hapo.

Miaka mitatu baadaye, Julai 1997, Carolyn na Gene walipata ajali ya gari nchini Australia wakiwa katika utafiti wa mashimo ya vimondo. Gene alifariki, Carolyn aliumia lakini akapona, akaendelea kufanya kazi pamoja na Levy. Sehemu ya majivu ya Gene ilipelekwa Mwezini na chombo cha Lunar Prospector. Carolyn alifariki Agosti 2021 akiwa na miaka 92.

Kuhusu hesabu

Ukitafuta nani aligundua nyingi zaidi utakutana na namba zinazopishana. Minor Planet Center, kituo kinachotunza orodha ya dunia nzima, humhesabia mgunduzi asteroidi ambazo njia zake zimethibitishwa na kupewa namba. Kwa kipimo hicho Helin ana zaidi ya 800 na Carolyn ana 377. Maelezo mengine ya maisha ya Carolyn humpa asteroidi zaidi ya 800, kwa kuhesabu pia zile ambazo hazikupata namba kwa jina lake. Kwa nyotamkia, Carolyn yuko mbele sana. Sishauri mtu achague kwa namba hizi.

Na usimtambulishe yeyote kati yao kupitia Gene. Helin hakuwa msaidizi wake. Waliuanzisha msako pamoja, kisha Helin akauongoza na kuupeleka mahali ambapo Gene hakuwepo. Carolyn naye hakuwa mke aliyesindikiza. Filamu ilikuwa mezani kwake, na aliyeona ni yeye. Gene mwenyewe ana asteroidi inayoitwa Shoemaker, na aliyeigundua, mwaka 1974, ni Helin.

Nani kwa nani

Kwa wanafunzi wa sekondari wanaosoma fizikia na jiografia, mchukue Helin. Anatoka kwenye jiwe unaloweza kuligusa, anapita kwenye swali, anafika kwenye kundi jipya la asteroidi ambalo darasa linaweza kulielewa kwa mchoro mmoja, na anaishia kwenye kompyuta. Kila hatua ina sababu ya hatua inayofuata. Helin pia anafundisha kitu ambacho masimulizi ya sayansi huwa yanakiruka: kudai muda wa darubini, kutafuta fedha, kukusanya watu, kuanza upya na vifaa vipya baada ya miaka 20 ya vifaa vya zamani. Mtu anayetaka kuwa mtafiti atakutana na hayo yote.

Kwa wasichana wa michepuo ya sanaa walioambiwa kwamba anga si lao, mchukue Carolyn. Kwa mama aliyelea watoto na sasa nyumba imekuwa kimya, mchukue Carolyn, wala usiwe na haraka ya kufika Mshtarii. Kaa kwanza kwenye ile miaka 30, kwa kuwa hakuipoteza. Uvumilivu alioupeleka kwenye hadubini hakuufunzwa Caltech. Kwa watoto wa msingi pia yeye ni bora, sababu kisa cha filamu iliyoungua wanakishika mara moja, na picha za Mshtarii yenye madoa zinapatikana bure.

Mtu atauliza kwa nini simtaji Max Wolf wa Heidelberg, ambaye mwaka 1891 alikuwa wa kwanza kugundua asteroidi kwa kupiga picha, ile iitwayo Brucia. Bila njia yake wanawake hawa wasingekuwa na filamu ya kukagua. Mtaje kwa dakika mbili. Asteroidi zinazotukaribia hazikuwa ndizo alizozisaka.

Ukiwa na vipindi viwili badala ya kimoja, kipindi cha pili usihutubie. Mpango wa International Astronomical Search Collaboration huwapa wanafunzi wa nchi mbalimbali, bila malipo, picha halisi za anga, nyingi zikitoka kwenye darubini za Pan-STARRS zilizo Haleakala, mlima uleule wa NEAT. Unahitaji kompyuta yenye Windows, intaneti ya kupakua, na programu ya Astrometrica. Picha huja nne nne za sehemu moja ya anga, na kompyuta huzipitisha kwa zamu. Programu inaweza kupendekeza kilichosogea, lakini mwanafunzi ndiye anayeamua kama ni mwamba au ni dosari ya kamera, na taarifa yake hutumwa kuchunguzwa. Wagawe wawili wawili, mmoja ashike kipanya na mwingine aandike, na wape dakika 40 kwa seti ya kwanza kabla hujawaambia lolote.